Stop Motion Studio kwa shule ya msingi Goma: ya bure inatosha

Mwalimu anayetaka darasa la tano litengeneze filamu ya picha moja moja aanze na programu hii ya kampuni ya Cateater. Ukishaipakua, kupiga picha hakuli tena mega za intaneti. Toleo la bure lina kile kinachohitajika kuliko vyote: picha iliyotangulia inabaki kama kivuli kwenye kioo cha simu, mtoto anaona amesogeza kiasi gani chukudu yake ya kartoni, mfano wa ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Ukilipia unapata nyongeza kama kubadilisha mandhari ya kijani. Pesa hiyo afadhali inunue gundi.

Amueni kasi kabla ya picha ya kwanza. Kwa picha 12 kwa sekunde, nusu dakika inadai picha 360. Kwa 6, ni 180 tu. Mwendo utakatika-katika kidogo, lakini chukudu inayopita juu ya mawe ya volkano ndivyo inavyokwenda hata barabarani. Sogezeni nusu sentimita kila picha. Mkizidisha, inaruka.

Kinachoharibu filamu nyingi ni simu kutikisika, na hapo programu haina dawa. Jazeni mchanga kwenye chupa ya lita moja na nusu, fungeni simu kwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, kisha zungushieni chupa alama ya chaki ili ikigongwa irudi mahali pake. Wekeni simu katika hali ya ndege: simu ikiita katikati, mtetemo wake tu unaisogeza. Kipima muda kinasaidia, maana hakuna anayegusa kioo. Sekunde 5 zinatosha kutoa mikono, ingawa picha chache zitanasa vidole na itabidi zifutwe.

Mwanga ndio wa pili. Wingu likipita, kamera inajirekebisha yenyewe na filamu inapepesa kama taa yenye umeme mbaya. Ziba dirisha kwa shuka jeupe, na kama simu inaruhusu, funga mwangaza wa kamera usijibadilishe. Mawe meusi ya lava ni mazuri machoni, ila yakijaza picha kamera huongeza mwangaza na nyuso za karatasi zinapauka. Tandika gunia au karatasi ya kaki chini yake.

Udongo wa mfinyanzi hukauka na kupasuka mkono kabla tukio halijaisha. Ufunikeni kwa kitambaa kibichi kila mnapopumzika, au tumieni karatasi.

Sauti irekodiwe mwisho, simu ikiwa shibiri moja kutoka mdomoni. Mvua ikianza kupiga mabati, acheni; sauti hiyo haitoki tena kwenye rekodi.

Simu yenye nafasi ndogo huanza kukwama picha zikizidi, basi kila tukio liwe mradi wake, yaunganishwe baadaye kwa programu nyingine ya video. Na watoto wasizidi sita kwa simu moja: wawili wa kusogeza, mmoja wa kuhesabu, mmoja wa simu, mmoja wa kuangalia vivuli, mmoja wa hadithi. Wa saba ataanza kuchezea gundi.