Kitambua-metali kwenye mchanga uliolowa chumvi: uzoefu wangu na Equinox 800 katika fukwe za Dar es Salaam

Wauzaji wa vitambua-metali hupenda kutanguliza sifa moja, kwamba kifaa hakiingii maji. Equinox 800 ya kampuni ya Minelab, ambayo ndiyo ninayoitumia katika fukwe za Kigamboni na Kunduchi, inayo sifa hiyo, kwani inaweza kuzamishwa hadi mita 3. Hata hivyo, anayetaka kifaa cha kutumia pwani hapaswi kuishia hapo, kwa kuwa kifaa kinaweza kuzamishwa bila kudhurika na bado kisifae kitu kwenye mchanga uliolowa. Kinachokisumbua ufukweni ni chumvi iliyomo ndani ya maji, na karibu kila rekebisho nitakaloeleza hapa linatokana na jambo hilo.

Koili, yaani sahani iliyo mwishoni mwa fimbo ya kifaa, hutoa uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi. Uga huo ukikuta kitu kinachopitisha umeme, huzalisha ndani yake mkondo mdogo unaozunguka, na kifaa husikiliza athari ya mkondo huo. Maji ya bahari hupitisha umeme, kwa hiyo mchanga uliolowa nao hujibu kana kwamba ni bamba pana la metali dhaifu lililotandazwa chini ya koili, na jibu hilo huangukia mahali pale pale panapoangukia vitu vyembamba kama mkufu mdogo wa dhahabu au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Kifaa cha masafa ya aina moja, yaani ambacho uga wake hubadilika kwa kasi moja tu, kinaweza kulinganishwa (kurekebishwa ili kilipuuze jibu la ardhi) ama na chumvi ama na mchanga wenye madini ya chuma, lakini si vyote viwili kwa wakati mmoja. Kigamboni, ambako kuna mchanga mzito mweusi wenye ilmenaiti, madini ya chuma na titani, mtu hukutana na vyote viwili ndani ya hatua chache. Kifaa nilichokuwa nacho awali kilikuwa cha aina hiyo: juu, kwenye mchanga mkavu karibu na mivinje, kilifanya kazi bila shida, lakini kikifika kwenye mstari wa maji kilipiga kelele mfululizo hadi nilazimike kukizima.

Equinox 800, iliyotoka mwaka 2018, hutumia masafa kadhaa kwa pamoja na kuyalinganisha, na kwa njia hiyo huweza kutenganisha jibu la chumvi na jibu la metali yenyewe. Katika matumizi ya nchi kavu mtu anaweza kuchagua masafa mamoja tu, yaani kilohezi 5, 10, 15, 20 au 40, lakini katika hali za ufukwe, yaani mipangilio ya kiwandani iliyokusudiwa pwani, chaguo hilo limeondolewa na kifaa hubaki kwenye masafa mengi. Naona uamuzi huo wa watengenezaji ni sahihi, kwa sababu humzuia mtumiaji kuchagua jambo ambalo lisingemsaidia.

Mpangilio wa marekebisho una umuhimu wake. Nikifika ufukweni, kwanza naiweka simu katika hali ya ndege, nainua koili na kuituliza, kisha naamuru kifaa kijitafutie chaneli isiyo na mwingiliano wa umeme, kazi inayochukua sekunde kama 8. Karibu na hoteli, nyaya za umeme au mtu mwingine mwenye kitambua-metali, hatua hii hairukwi, maana kelele za umeme na kelele za chumvi hufanana masikioni, na asiyeziondoa za kwanza atapoteza muda akizisaka za pili. Baada ya hapo nachagua hali ya kwanza ya ufukwe, ambayo imekusudiwa mchanga mkavu na mchanga uliolowa, ndipo nalinganisha kifaa na ardhi: nabonyeza kitufe bila kukiachia huku nikipandisha na kushusha koili juu ya mchanga uliolowa mpaka mlio ufifie. Namba za ulinganishaji huanzia hasi 9 hadi 99, na zile za sifuri kushuka chini zimewekwa kwa ajili ya ardhi yenye chumvi. Kwa hiyo naitarajia namba ishuke ninapoelekea majini na ipande ninaporudi kwenye mchanga mweusi mkavu. Namba ikikataa kutulia, nasogea pembeni, kwa sababu mara nyingi hapo chini pana kipande cha chuma.

Unyeti, yaani kiwango cha kifaa kuhisi ishara dhaifu, ndio unaohitaji uvumilivu. Kipimo chake ni 1 hadi 25, kiwanda hukiacha kwenye 20, na kila anayekishika kifaa kwa mara ya kwanza hutamani kukipandisha akiamini kwamba namba kubwa ni kina kikubwa. Kwenye udongo mkavu imani hiyo ina ukweli. Kwenye mchanga wa chumvi, unyeti huikuza sauti ya chumvi sawasawa na unavyoikuza sauti ya pete, na kinachoamua kama utaisikia pete ni tofauti iliyopo kati ya sauti hizo mbili. Nilifukia pete ya fedha kiasi cha shubiri moja ndani ya mchanga uliolowa na kupitisha koili juu yake nikibadilisha namba. Kwa 22 mlio wake ulipotea ndani ya milio mingine, nami nisingeuchimba kama nisingejua kilichopo; kwa 17 mchanga wa pembeni ulinyamaza kabisa na pete ikatoa mlio mmoja mfupi, uliorudi vilevile koili ilipotoka kushoto na ilipotoka kulia. Tangu hapo kanuni yangu ni kuishusha namba moja moja hadi kifaa kinyamaze juu ya mchanga mtupu, na kuiacha hapo. Kasi ya kutenganisha ishara, inayokwenda 1 hadi 8, naiweka 6. Kuipunguza huongeza kina kidogo, lakini chumvi huanza tena kulalamika.

Mkono nao una sehemu yake. Koili inayoinuliwa mwishoni mwa kila mpito, kama wengi tunavyofanya tukichoka, husogea mbali na mchanga wa chumvi na kuurudia, na kifaa huyasoma mabadiliko hayo kama kitu. Ni vizuri zaidi kutembea sambamba na mstari wa maji kuliko kuufuata na kuuacha, kwa sababu kiasi cha unyevu chini ya koili hubaki karibu kile kile. Wimbi likipita juu ya koili, nasimamisha mkono hadi maji yarudi. Kwa upande wa nyakati, siku za bamvua ndizo zenye faida, kwa kuwa maji hupwa mbali na kufunua mchanga ambao wakati wa maji mafu haufikiki kwa miguu. Katika pwani ya Dar es Salaam kupwa huko hufika mwisho wake karibu saa nne au saa tano asubuhi, hivyo mtu hupata saa chache za kufanya kazi kabla maji hayajaanza kumfukuza.

Ndani ya maji kabisa nahamia hali ya pili ya ufukwe. Hali hiyo hupunguza nguvu inayotumwa na koili ili kifaa kisizidiwe na chumvi iliyokizunguka pande zote, na gharama yake ni kina. Ninapohitaji kina, nasubiri maji yapwe badala ya kuingia yaliko.

Skrini huonyesha namba ya kukisia aina ya kitu kilichopo chini ya koili, kuanzia hasi 9 hadi 40, ambapo sifuri kushuka chini ni chuma. Chumvi iliyobaki hujitokeza kwa moja na mbili zinazorukaruka, zisizorudi mahali pale pale. Vizibo vya soda ndivyo vinavyochosha zaidi: ni vya chuma, lakini bapa lao la mviringo hutoa namba nzuri za katikati. Dawa yake ni kuivuta koili taratibu hadi ukingo wake tu uwe juu ya kitu, maana kizibo hapo huanza kuguruma kama chuma, ilhali pete haibadiliki. Chubwi za risasi za wavuvi hazina dawa hiyo. Hutoa mlio safi, namba tulivu, na kila moja huchimbwa. Jambo lingine la kuzingatia ni kwamba sarafu ya shilingi 500 iliyotoka mwaka 2014 ni chuma kilichopakwa nikeli, kwa hiyo anayezima milio yote ya chuma asishangae akizikosa pesa za juzi.

Nimekitumia pia wakati wa masika, kwenye shamba la udongo mwekundu nje ya mji, na huko mvua haikuleta shida niliyoitegemea. Maji ya mvua yana chumvi kidogo mno, na udongo ule husumbua kwa sababu ya madini yake ya chuma, uwe umelowa au umekauka. Nilichofanya ni kukilinganisha upya na ardhi baada ya kila manyunyu makubwa na kuufunga waya wa koili ukakaza kwenye fimbo, kwa sababu waya unaocheza hutoa milio ya uongo. Aliye bara na asiye na mpango wa kwenda baharini anaweza kuridhika na kifaa cha bei nafuu zaidi, mradi sanduku lake la vitufe lifunikwe vizuri.

Hedifoni zisizo na waya zinazokuja na kifaa si za kuzamishwa. Za chini ya maji hununuliwa peke yake. Spika ikiingia maji, sauti hufifia hadi utikise kifaa polepole yatoke. Nikimaliza kazi naosha kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi, natenganisha fimbo ili mchanga usiikwaruze inapofungwa, na nakausha sehemu ya kuchajia kabla ya kuunganisha umeme. Mabomba ya maji ya hoteli za ufukweni hutolewa kwa ukarimu ukieleza kwamba umetoka kumtafutia mgeni wao pete.

Kabla ya kununua, fahamu pia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kuchimba kwa ajili ya kuvitafuta kunahitaji leseni. Kwa sababu hiyo magofu ya Kunduchi na Kaole siyakaribii na kifaa, hata ufukwe wa mbele yake ukiwa mtupu na maji yamepwa.