Canterbury au Southampton: viwanja viwili vya kriketi vya kaunti

Uwanja wa St Lawrence, Canterbury, ni nyumba ya Kent, klabu ya kriketi ya kaunti hiyo ya Uingereza, tangu 1847. Sifa yake kubwa ilikuwa mti: kwa Kiingereza waitwa "lime", ila si mndimu, ni ule wa kizungu usiozaa ndimu, uliosimama ndani kabisa ya mpaka wa uwanja. Mpira ukiugonga, mpigaji alipewa mikimbio (pointi) minne, hata kama ulikuwa unaelekea kuwa sita. Januari 2005 upepo mkali ukauangusha. Mche mwingine ukapandwa. Siku hizi nyumba za kuishi zimejengwa pembeni, maana klabu inahitaji hela.

Hampshire, klabu ya kaunti ya Southampton, wao walihama kabisa. Northlands Road, walikocheza tangu 1885, ilibana mno, wakaiuza na mwaka 2001 wakaanza kucheza uwanja mpya wa Rose Bowl, nje kidogo ya Southampton. Mechi ya Test, ile ya siku tano kati ya mataifa, ikafika 2011, kisha hoteli ikajengwa palepale. Hiyo ndiyo iliyowaokoa Julai 2020, wakati wa korona: wachezaji wa Uingereza na West Indies walilala na kucheza humohumo, majukwaa matupu.

Kwa pesa, Hampshire wameshinda. Ila tiketi ikiwa moja tu, mimi naenda Canterbury.