Kutwa na Jaguar E-Type: uzoefu wangu wa kukodi gari lililotokana na mbio

Nilikodi Jaguar E-Type, gari la michezo la Kiingereza, ya mwaka 1966, yenye injini ya lita 4.2 na paa lisilofunguka, kutoka kwa kampuni ndogo ya Warwickshire, nchini Uingereza, inayokodisha magari ya kale kwa kutwa. Bei yake inatosha kukodi gari la kawaida kwa siku kadhaa, na dhamana inayozuiliwa kwenye kadi ya benki ni kubwa kuliko bei yenyewe. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka kujua ni kwa nini gari hili lina umbo lile, naona fedha hiyo haipotei. Anayetaka picha za harusi tu atafute gari jingine, tena lenye kiyoyozi.

Makabidhiano yalikuwa sehemu niliyoifurahia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu fundi aliyenipokea aliifunua boneti, ambayo huinuka kuelekea mbele pamoja na madigadi na taa zake, akanionyesha fremu ya vyuma iliyofungwa kwa bolti kwenye bodi. Muundo huo umetoka moja kwa moja kwenye D-Type, gari la mbio la Jaguar lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1955, 1956 na 1957. Aliyechora magari yote mawili ni Malcolm Sayer, mhandisi aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha ndege cha Bristol, ambaye alikokotoa mikunjo ya bodi kwa hesabu ili upepo upite bila kizuizi kikubwa. Ule mwinuko katikati ya boneti, ambao wengi huudhani kuwa pambo, una sababu ya kiufundi: injini ya Jaguar iitwayo XK, inayotumika kwenye magari yote mawili, ni ndefu kwenda juu. Kwenye D-Type waliilaza kidogo upande na kuiwekea tangi la oili la pembeni ili ikae chini zaidi. Kwenye E-Type, gari la kuuza, imesimama wima na sampu yake ya kawaida, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, kwa hiyo boneti ililazimika kuipisha.

Barabarani, urithi huo unahisiwa zaidi kwenye breki na magurudumu ya nyuma. Jaguar ilishinda Le Mans mwaka 1953 kwa C-Type, gari la mbio lililoitangulia D-Type, zilizofungwa breki za diski za Dunlop, wakati washindani wengi walikuwa bado wanatumia breki za ngoma, na E-Type ina diski kwenye magurudumu yote manne. Zile za nyuma zimewekwa ndani, karibu na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma), ili kupunguza uzito unaoning'inia kwenye magurudumu, na kila gurudumu la nyuma hupanda na kushuka peke yake. Kwa hiyo, kwenye barabara za vijijini zenye viraka, gari lilitulia kuliko magari mengi ya umri wake niliyowahi kuyaendesha, ingawa breki zinadai mguu mzito na subira ambayo dereva wa leo hana.

Injini yenye silinda sita na kabureta tatu za chapa ya SU huvuta kwa ulaini tangu mwendo wa chini, kiasi kwamba sikuona haja ya kubadilisha gia mara kwa mara. Kiwanda kilitangaza nguvu za farasi 265 na mwendo wa maili 150 kwa saa. Magari waliyopewa waandishi kuyajaribu mwaka 1961 yalikuwa yameandaliwa kwa uangalifu wa pekee, na yale yaliyouzwa kwa wananchi hayakuufikia mwendo huo kwa urahisi. Sikujaribu kulithibitisha hilo. Ushindi wa kwanza wa E-Type, alioupata dereva wa mbio Graham Hill kwenye uwanja wa Oulton Park, Uingereza, mwezi Aprili mwaka huohuo, ulikuja wiki chache tu baada ya gari kuonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva, na kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko namba za matangazo.

Kasoro zipo. Chumba cha dereva hupata joto haraka, ncha ya boneti haionekani unapoegesha, na kwenye foleni mshale wa joto la maji ulipanda hadi nikazima redio ili nisikie kama feni ya rejeta inazunguka.

Ukiruhusiwa kuchagua, chukua ya lita 4.2 badala ya 3.8 ya mwanzo, kwa kuwa viti vyake ni bora na gia namba moja huingia bila kugombana nayo. Vaa viatu vyembamba, kwani pedali zimekaribiana sana, na uombe njia inayoepuka barabara kuu.