Lili ya mpira kibarazani: matunguu mazuri, maelekezo mabovu

Matunguu matatu niliyanunua Juni mwaka juzi, kwenye mojawapo ya zile bustani za kando ya Barabara ya Bagamoyo, ukishapita Mwenge unaelekea Tegeta. Tunguu moja shilingi 10,000. Nikaongeza kiroba cha udongo cha 5,000 na vyungu vitatu vya plastiki, 4,000 kila kimoja. Jumla 47,000. Nimesubiri vuli mbili zipite ndipo niandike, maana ua hili ukilihukumu kwa mwezi mmoja utalionea.

Muuzaji analiita lili ya mpira, na mimi nitaliita hivyo hivyo. Jina lake la kitaalamu ni Scadoxus multiflorus, ukoo mmoja na amarilisi. Ila zile amarilisi kubwa zinazouzwa kila bustani asili yake ni Amerika Kusini. Hii ni ya huku huku Afrika, na inaota mpaka Arabuni. Mara ya kwanza kuiona nilikuwa mtoto, Morogoro, chini ya miti upande wa Uluguru, mvua ndiyo kwanza zimeanza. Tufe jekundu limesimama peke yake juu ya majani makavu, halina hata jani moja la kwake. Sikuwahi kulisahau. Kwa hiyo kaka yule aliponionyesha picha kwenye simu, bei sikubishana.

Kwenye matunguu yenyewe nampa alama zote. Yalikuwa mazito mkononi, magumu, hayana doa wala ukungu, na mizizi yake minene myeupe haikukatwa. Hiyo mizizi iangalie sana unaponunua. Si kama kitunguu cha jikoni ambacho ukikinyoa chini hakuna neno. Mizizi ya lili hii hukaa hai hata wakati tunguu limelala, na ukiikata unaweza kukaa mwaka mzima bila kuona ua.

Tatizo lilianzia kwenye udongo na maneno. Kiroba kilikuwa udongo mweusi wa mfinyanzi, ukilowa unashikana kama saruji. Vyungu havikuwa na matundu chini. Na maelekezo niliyopewa ni haya: "Dada, mwagilia asubuhi na jioni, hili halina shida kabisa." Nikafanya hivyo kwa wiki tano. Juni na Julai ni kipupwe, jua halina nguvu, na tunguu lililolala halina majani ya kunywa hayo maji. Yakabaki chini ya chungu. Siku nilipochokonoa kwa kidole, moja lilikuwa limelainika kama embe lililooza, linanuka. Nikalitupa. Yale mawili nikayachomoa haraka na kuyaweka juu ya gazeti kibarazani yakauke.

Hapa ndipo penye jambo lililonifanya niandike. Jioni ile nimetoka kuoga, naingia jikoni nakuta binti anayenisaidia kazi amekata nyanya, sufuria iko jikoni, na kando ya kisu yapo matunguu yangu mawili ndani ya kikapu cha vitunguu. Kosa si lake. Ameona vitunguu viwili juu ya gazeti, akaona vimesahaulika, akaviokota. Ndivyo vinavyofanana. Mimea ya ukoo huu ina sumu ya alkaloidi, na tunguu ndilo lenye nyingi. Sehemu nyingine za Afrika lili hii imetumika kutengenezea sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Mwanangu wa miaka sita anakula kachumbari kila siku. Nilikaa chini kwenye stuli nikashindwa kusimama kwa muda. Muuzaji hakunitamkia neno sumu hata mara moja, wala kwenye mfuko hapakuandikwa chochote. Kama una watoto, mbuzi au mbwa anayetafuna, jua hilo kabla hujatoa pesa. Na tunguu lisilo chunguni lisilale hata usiku mmoja karibu na jiko.

Nikaanza upya. Nilinunua vyungu viwili vya udongo wa kuchoma, upana kama sentimita 25, vyenye tundu. Nikachanganya ndoo mbili za udongo wa juu, ndoo moja ya mchanga wa mtoni, ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, na makopo machache ya pumba za mpunga zilizochomwa. Tunguu nililifukia mpaka shingoni, shingo yenyewe ikabaki usawa wa udongo. Halafu nikaviweka chini ya ngazi, pakavu, nikawa natia maji nusu kikombe kila baada ya wiki mbili.

Miezi mitatu hakuna kitu. Nakiri ilinitesa hiyo. Kila asubuhi naenda kutazama vyungu viwili vya udongo mtupu.

Wiki ya pili ya Novemba, siku nne baada ya mvua kubwa ya kwanza, udongo wa chungu cha kushoto ulipasuka katikati ukatoa ncha nene yenye madoa ya zambarau. Kikonyo kikapanda haraka mno, asubuhi na jioni unaona tofauti. Kileleni kilikuwa kimefungwa kama brashi ya rangi, kisha kikafunguka kidogo kidogo kuanzia nje: vijiua vyembamba, kila kimoja petali sita kama nyuzi, chavua ya njano ikining'inia mbele. Wanasema vinaweza kufika 200 kwenye kichwa kimoja. Changu nilihesabu 86 nikapotea njiani. Likawa tufe kamili, kubwa kuliko kichwa cha mwanangu, jekundu lile la pilipili iliyoiva. Lilidumu siku tisa. La kulia likafuata baada ya wiki moja. Mama jirani, ambaye kwa kawaida hana muda na maua, alileta kiti akakaa kulitazama.

Ua likiisha usidhani kazi imekwisha. Majani ndiyo yanakuja sasa, mapana, mororo, na hayo ndiyo yanayolijaza tunguu chakula cha mwaka unaofuata. Usiyakate. Kila wiki mbili nilikuwa nayapa samadi iliyolowekwa kwenye maji. Mwezi Mei yakaanza kuwa ya njano, Juni yakalala, nikapunguza maji, vyungu vikarudi chini ya ngazi. Hapo nilielewa kuwa yule kaka angenikuta wakati huo angeniambia tena nimwagilie.

Vuli ya pili la kushoto lilichanua kubwa zaidi. La kulia lilitoa majani tu. Nadhani sababu naijua: Januari nililihamishia upande wa magharibi, jua la saa tisa likababua majani yake, likaenda kulala na njaa. Lili hii ni ya chini ya miti; jua la asubuhi linatosha. Na usiihamishe chungu kila mwaka. Inapenda kubanwa, mizizi yake haitaki kuguswaguswa.

Septemba mwaka huu nilirudi pale pale. Nilitaka kujua yanachimbwa wapi, maana kama ni msituni Pugu nisingenunua tena. Akanipeleka nyuma ya kibanda kwenye tuta lenye kivuli: miche ya mbegu, ya kila umri. Mbegu zake hupandwa mbichi, na kutoka hapo mpaka ua la kwanza ni miaka mitatu hadi mitano. Nilipoyaona yale matuta, 10,000 haikuniuma tena. Kaka huyu ni mkulima mzuri, mkono wake unaonekana. Nilimweleza habari ya maji, na ya kikapu cha vitunguu, naye alisikiliza bila kukatisha, akaniomba radhi.

Nikanunua tunguu moja. Udongo wake na vyungu vyake nilivikataa. Nikamwomba aandike SUMU kwenye kila mfuko, hata kwa kalamu tu, akasema ataandika. Wiki iliyopita nilipita na daladala nikashuka makusudi kutazama. Mifuko ilikuwa bado haijaandikwa.