Luri fida ya Selayang: chakula tano kwa tano, huduma tutazungumza

Mwanafunzi wa Gombak uliyechoshwa na kantini ya chuo, shuka Selayang, pembezoni mwa Kuala Lumpur, mitaa ya jirani na soko la jumla. Jina la mgahawa silitaji. Hata hilo la kwenye kibao si la mwenyewe: leseni ni ya Mmalaysia ambaye sijamwona akikaanga yai, jiko ni la mzee kutoka Maungdaw, Myanmar, Mrohingya, yaani wa jamii ya Waislamu ambao nchi yao inawanyima uraia na kuwafukuza. Sote tunamwita Pakcik, yaani mjomba.

Agiza luri fida, chapati za unga wa mchele, nyembamba na laini kama kitambaa cha kilemba, na mchuzi wa ng'ombe. Pilipili yao haina mzaha. Mimi mtu wa Tanga nilitafuta maji. Samaki mkavu wa kupondwa waachie wanaoipenda harufu ya ng'onda. Ukimaliza unaletewa tambuu na popoo. Bibi yangu angehamia hapa.

Huduma naipa mbili. Malipo taslimu tu, vijana wa mezani hawakai, na ikivuma kwamba uhamiaji wako mtaani, mlango unateremshwa ungali na tonge mkononi. Lakini lawama hizo si za Pakcik. Malaysia haikusaini Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kwa hiyo Warohingya zaidi ya 100,000 walioandikishwa hapa na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wana kadi, ila ruhusa ya kufanya kazi hawana.

Na ni Malaysia hii hii ambayo Desemba 2016 Waziri Mkuu wake, Najib Razak, alisimama uwanjani hapa Kuala Lumpur kuikemea Myanmar kwa ajili yao. Aprili 2020 wanamaji wa nchi hii hii wakairudisha baharini boti yenye Warohingya wapata 200, kisingizio korona. Mimi naona kumgombeza jirani hakugharimu kitu; kumpa mkimbizi kibali ndiko kunakouma.

Dada yake Pakcik yuko kambi ya wakimbizi ya Kutupalong, Bangladesh. Nchi ile ilipokea watu zaidi ya 700,000 kuanzia Agosti 2017, sifa hiyo haipokonywi. Ila inawahesabu wapita njia, imezungusha seng'enge kambini, na mapatano ya kuwarudisha iliyotiliana saini na Myanmar Novemba 2017 yamekwama, maana nani arudi bila uraia?

Nikamuuliza Pakcik kuhusu China na India, wakubwa wanaoweza kuibana Myanmar. Akacheka, akanitajia Kyaukphyu, linakoanzia bomba la mafuta la kwenda China, na Sittwe, kwenye bandari iliyojengwa na India. Zote ziko Rakhine, jimbo la Myanmar alilofukuzwa yeye.

Nenda kabla ya saa nane mchana, mchuzi huisha. Durus kura, kuku mzima wa viungo, toa oda jana yake. Beba noti ndogondogo, na ukipiga picha piga sahani tu, sura za wahudumu ziache.