Kura kwa simu: huduma nyepesi, lakini siri haimo

Sacco yetu, ambayo wengi wa wanachama wake ni wachuuzi wa Gikomba na Kamukunji, iliajiri kampuni moja ya hapa Nairobi isimamie uchaguzi wa viongozi kwa njia ya simu, badala ya makaratasi na debe tuliyoyazoea. Kwa upande wa wepesi sina lawama. Menyu ilifunguka hata kwenye mulika mwizi, Kiswahili chake kilieleweka, nami nilipiga kura kwa muda usiozidi dakika 2 bila kufunga kibanda changu cha mitumba.

Tatizo lilikuja na ujumbe wa kuthibitisha, ambao ulitaja jina la kila mgombea niliyemchagua na kubaki kwenye simu. Kabla ya adhuhuri mpambe wa mgombea mmoja alikuwa akipita kibanda kwa kibanda akiomba kuonyeshwa ujumbe huo. Jirani yangu, ambaye alichukua robota la nguo kwa mkopo kutoka kwa mgombea huyo na bado hajamaliza kulilipa, alimkabidhi simu yake, kisha akawa anakunja upya blanketi lililokuwa limekwisha kukunjwa, huku yule mtu akisoma. Mnunuzi wa kura hukwama asipoweza kujua kama alichokilipia amekipata; kampuni hii ilimpa stakabadhi.

Katika mkutano wa kupokea matokeo, vijana kadhaa walisema kwamba kura ya siri imepitwa na wakati, na kwamba kila mtu angesimama hadharani nyuma ya amtakaye ili wanaokula kwa huyu na kumpigia yule waonekane. Naielewa hasira yao, kwa sababu wanachama wengi hawaioni hesabu ikifanywa. Lakini mzee mmoja aliinuka akatukumbusha mlolongo wa 1988, wapiga kura walipojipanga nyuma ya wagombea katika mchujo wa KANU, chama pekee cha siasa nchini wakati huo, aliyefikisha asilimia 70 akapita bila kupingwa, na mahali pengine mwenye mstari mfupi akatangazwa mshindi. Alisema kwamba yeye alijipanga nyuma ya mtu asiyemtaka kwa sababu chifu alikuwa amesimama pale akitazama. Ukumbi ulinyamaza.

Uingereza nayo ilipitisha sheria ya kura ya siri mwaka 1872, baada ya miaka mingi ya wapangaji kuogopa kufukuzwa na wenye mashamba kwa kura walizozipiga hadharani, na Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 38, inaitaja siri hiyo waziwazi. Deni la robota moja la mitumba linatosha kunionyesha kwamba woga ule haujaisha.

Nilipowaandikia wasimamizi wa huduma hii walinijibu kwa heshima kwamba ujumbe humhakikishia mwanachama kuwa kura yake imefika. Hilo lingetimizwa kwa maneno matatu, "kura yako imepokelewa", bila jina la mtu yeyote, ingawa hata hivyo simu haiwezi kumzuia mtu kusimama begani mwako unapobonyeza. Hadi watakapofanya walau hilo la kwanza, nitauomba mkutano mkuu ujao uturudishie debe na kibanda chenye pazia, hata kama kuhesabu makaratasi kutatuweka ukumbini hadi saa tano usiku.