Gemu ya fantasia ya kununua: mchezo kwanza au hadithi kwanza?

Ukiomba ushauri wa gemu moja ya fantasia ya kununua kwa ajili ya kompyuta, utajibiwa na kambi mbili. Wa kwanza watasema hadithi ndiyo kila kitu. Wa pili watasema anayetaka hadithi akasome kitabu. Mimi naona wote wanapima nusu ya bidhaa. Kabla sijatoa hela najiuliza: haya ninayofanya kwa mikono, kupigana, kutembea, kuchagua la kusema, hata kufa, yanaingia ndani ya hadithi, au hadithi imekaa pembeni inanisubiri nimalize? Kwa swali hilo nimezipanga gemu hizi sita, nikiangalia pia mambo yanayotubana wengi wetu: ukubwa wa faili, nguvu ya mashine, na lugha. Hakuna hata moja iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, kwa hiyo wingi wa Kiingereza cha kusoma lazima uupime kabla ya kununua.

Ya kwanza naiweka Hades, iliyotolewa na Supergiant Games ya Marekani mwaka 2020. Najua wengi wangeanza na gemu kubwa zaidi. Unacheza Zagreus, mtoto wa mungu wa kuzimu wa Wagiriki wa kale, anayetaka kutoroka kwa baba yake. Mapigano ni ya kasi, chumba hadi chumba, na utakufa. Ukifa unaibuka kwenye dimbwi la damu ndani ya nyumba ileile uliyoikimbia, na Hypnos, mungu wa usingizi, kasimama pale na orodha yake, anakutajia kilichokuua na kukupa ushauri ambao mara nyingi hausaidii kitu. Megaera, yule mwenye mjeledi aliyekuzibia njia ya kutoka Tartarus, eneo la kwanza la kuzimu, unaweza kumkuta ukumbini ametulia na kinywaji chake. Mmetoka kupigana sasa hivi, na mnaongea. Katika gemu nyingi kufa kunakatiza hadithi; hapa usipokufa kuna mambo hutayasikia kamwe, kwa sababu watu wa nyumba hiyo wanakukumbuka na kila ukirudi wana neno jipya. Mazungumzo ni mafupi, Kiingereza chake hakichoshi. Mwenye vidole vizito awashe God Mode: kipigo unachopata kinapungua kwa asilimia 20, na kila ukifa zinaongezeka asilimia 2. Inataka GB 15 tu za diski na RAM ya GB 4. Hades II ipo, lakini usiruke hii.

Baldur's Gate 3 ya Larian Studios, Ubelgiji, ya mwaka 2023, ingekuwa namba moja kama kila mtu angekuwa na mashine ya kuibeba. Inataka GB 150 na diski ya SSD, pamoja na kadi ya picha ya maana. Kwa anayeishi kwa bando la simu, kuipakua ni mradi mzima. Lakini mwenye uwezo asisite. Mapigano ni ya zamu kwa zamu, kwa kanuni za mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, na maamuzi mengi yanapigiwa dadu ya pande 20 mbele ya macho yako. Mfano mmoja unaonyesha jinsi ilivyosukwa. Kuna uchawi wa kuzungumza na maiti: unamwamsha marehemu na kumuuliza maswali machache. Kama wewe ndiye uliyemuua, anakataa kabisa kukujibu. Basi unatumia uchawi mwingine kubadili sura, unarudi ukiwa mtu tofauti, naye anasema. Hakuna aliyekuelekeza ufanye hivyo. Umetumia kanuni za mchezo, na hadithi imekupokea.

Ya tatu ni ya kizee: Planescape: Torment ya Black Isle, mwaka 1999. Nunua toleo lililoboreshwa la 2017, ambalo halihitaji mashine ya nguvu. Unaamka juu ya meza ya chumba cha maiti, hujui jina lako, na fuvu linaloelea linakusomea maandishi yaliyochanjwa mgongoni mwako. Mapigano yake ni mabovu, sitaki kumficha mtu. Lakini kazi halisi ya mikono hapa ni kuzungumza. Ukiongeza hekima ya mhusika wako, anaanza kukumbuka maisha yake ya nyuma, na kila kumbukumbu inampa uzoefu wa kukua zaidi. Kuwa na nguvu na kujijua vimekuwa jambo moja, na sijaona gemu nyingine iliyolifanya hilo kwa uzuri huu. Onyo langu ni moja: ni Kiingereza kingi, kizito, chenye misimu ya mji wake wa Sigil. Asiyependa kusoma ataiacha siku ya kwanza.

The Witcher 3, ya CD Projekt Red ya Poland, 2015, wengi wataniuliza kwa nini iko chini hivi. Kwa uandishi peke yake ningeipandisha. Kisa cha Baroni wa Velen, ambapo mimba iliyoharibika na kuzikwa bila jina imegeuka kiumbe cha kutisha, nawe unaamua kukiua au baba yake akipe jina na kukizika chini ya kizingiti cha nyumba, ni kazi ya mwandishi mahiri. Ila baada ya uamuzi huo unarudi kufuata alama nyekundu ardhini na kubonyeza upanga. Ciri, binti unayemtafuta, anawindwa, na wewe unaweza kushinda unacheza karata za Gwent mpaka uchoke, anakusubiri.

Elden Ring ya FromSoftware, Japani, 2022, ndiyo yenye mapigano bora kuliko zote hapa. Ukitoka tu nje mwanzoni unamkuta shujaa wa dhahabu juu ya farasi, na atakuua. Mpishe, kazurure, urudi ukiwa umeiva. Hadithi imetawanywa kwenye maelezo ya panga na mavazi, uitafute mwenyewe. Inataka RAM ya GB 12.

Skyrim ya 2011 nunua kama unataka kutangatanga. Dunia inakaribia kuangamizwa na joka, lakini ukichuma maua mwezi mzima hakuna kinachobadilika.

Kuhusu hela: subiri ofa za Steam, duka la gemu la mtandaoni, za katikati na mwisho wa mwaka, hasa kwa gemu kongwe. GOG, duka jingine la aina hiyo, inakupa faili la kusakinisha unaloweza kulihifadhi na kulitumia bila intaneti, na unaweza kurudishiwa hela ndani ya siku 30. Steam wanarudisha ndani ya siku 14 mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Kwa hiyo ukinunua Baldur's Gate 3 huko, usimalize saa nzima unachagua nywele na sura ya mhusika. Muda huo unahesabiwa. Chukua mhusika aliyekwisha tengenezwa, ingia kwenye mapigano mawili matatu, uone kama mashine inahimili.